Nainital kwa saa zake: mwongozo wa maziwa, mahekalu na vilele vya Kumaon

Nainital ni mji wa mlimani katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India. Uko kwenye milima ya Kumaon, ambayo ni ngazi za mwanzo za Himalaya ukitokea tambarare za Delhi. Katikati ya mji kuna ziwa, na mji wenyewe umejibana pembeni mwake na kupanda kuta za bonde. Ziwa liko karibu mita 1,938 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo kuliko Nairobi. Mtu wa Nairobi au Nyeri hatahisi tofauti kubwa ya hewa. Aliyetoka Dar es Salaam, Mombasa au Muscat atahema kwenye ngazi za siku ya kwanza, kisha atazoea.

Mji ni mdogo, na bado wageni wengi huondoka wakiwa wameona nusu tu ya walichofuata. Sababu ni saa. Kilele kinachoonyesha theluji saa moja asubuhi huonyesha ukungu saa tano. Hekalu ambalo alfajiri lina watu thelathini, adhuhuri lina foleni inayofika barabarani. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa saa. Saa zote ni za Kiswahili: saa moja asubuhi ndiyo 07:00 kwenye tiketi ya India, na saa nne usiku ni 22:00. Saa ya India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Ukisahau hiyo nusu utaachwa na treni.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwanza, hoteli baadaye

Oktoba na Novemba ndiyo miezi bora kuliko yote. Mvua imekwisha, vumbi limeoshwa hewani, na safu ya theluji huonekana wazi. Machi na Aprili pia ni wakati mzuri, ingawa hewa huwa na utusitusi. Mei na Juni shule za India zimefungwa, joto la tambarare halivumiliki, na kila mwenye gari hupanda milimani. Wakati huo polisi husimamisha magari nje ya mji, na abiria humalizia safari kwa mabasi madogo.

Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba ni msimu wa mvua kubwa. Milima hii ina udongo na miamba inayoteleza, barabara hufungwa kwa maporomoko ya ardhi, vilele havionekani kwa siku nyingi mfululizo, na njia za msituni zina ruba. Ukilazimika kwenda wakati huo, acha siku mbili za ziada kabla ya ndege yako ya kurudi. Kuna jambo moja linalofaa kuvumilia mvua: tamasha la Nanda Devi, ambalo mara nyingi huangukia Septemba. Sanamu za miungu dada, Nanda na Sunanda, hutengenezwa kwa vigogo vya migomba, hupambwa, huzungushwa mjini kwa ngoma, kisha huzamishwa ziwani. Mtu wa Bukoba au Rungwe ataitambua migomba hiyo hata ikiwa imevishwa hariri.

Desemba hadi Februari usiku hukaribia nyuzi sifuri na theluji huanguka mara chache. Asubuhi huwa safi sana. Beba sweta mbili nyembamba na jaketi la kuzuia upepo badala ya koti moja zito, kwa sababu mchana juani utavua na jioni kivulini utavaa tena.

Hatua ya 2: Karatasi

Raia wa Kenya na Tanzania huomba viza ya elektroniki kwenye tovuti ya serikali ya India, indianvisaonline.gov.in. Tovuti zinazoigiza hiyo ni nyingi na hutoza zaidi, kwa hiyo andika anwani mwenyewe badala ya kubofya tangazo. Omba mapema, mwisho ni siku nne kabla ya kufika. Pasi iwe na uhai wa miezi sita na kurasa mbili tupu.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo bila kadi hiyo anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na chanjo huhesabiwa kuanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya kuchomwa. Mtanzania anayebadilisha ndege Nairobi au Entebbe naye aibebe.

Wengi wetu hufika Delhi kwa matibabu au masomo, na Nainital hupangwa kama mapumziko ya siku tatu. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa moyo au mapafu amuulize daktari wake kwanza kama anaruhusiwa kwenda mita 2,000. Jibu likiwa "bado", mji jirani wa Bhimtal uko chini zaidi, mita 1,370, hauna ngazi nyingi, nao una ziwa kubwa.

Hatua ya 3: Kutoka Delhi hadi ukingoni mwa ziwa

Reli inakoma Kathgodam, pale milima inapoanza. Kuna treni mbili zinazofaa. Shatabdi huondoka asubuhi na mapema kutoka stesheni ya New Delhi, ina viti na kiyoyozi, na hukufikisha kabla ya adhuhuri. Ranikhet Express huondoka usiku kutoka stesheni ya Old Delhi, ina vitanda, na hukufikisha alfajiri. Ya usiku inakupa siku nzima mbele yako. Ya asubuhi inakupa usingizi mzuri na mandhari.

Kosa linalotokea sana ni kwenda stesheni isiyo yake. Delhi ina stesheni kubwa kadhaa, na dereva wa bajaji akisikia "stesheni" atakupeleka anayoijua yeye. Soma msimbo kwenye tiketi: NDLS ni New Delhi, DLI ni Old Delhi, ANVT ni Anand Vihar. Mwonyeshe dereva tiketi badala ya kumwambia kwa mdomo.

Kununua tiketi mtandaoni kwa kadi ya benki ya nje mara nyingine hugoma. Njia ya uhakika ni ofisi ya watalii wa kimataifa, ghorofa ya kwanza ndani ya stesheni ya New Delhi, ukiwa na pasi mkononi. Kuna nafasi zilizotengwa kwa wageni. Nje ya stesheni watu watakuambia ofisi imefungwa au imehamia mtaa wa pili. Haijahama. Pita, panda ngazi, ingia mwenyewe.

Kutoka Kathgodam hadi Nainital ni kama kilomita 35 za kona mfululizo, saa moja na nusu barabara ikiwa wazi. Teksi za kuchangia husubiri nje ya stesheni na huondoka zikijaa. Basi la serikali ni nafuu zaidi na polepole kidogo. Mwenye kichefuchefu akae kiti cha mbele, asisome simu, atafune kipande cha tangawizi, na asinywe chai ya maziwa kabla ya kupanda. Huko milimani usihesabu muda kwa kilomita: chukua kilomita 20 kwa saa, hutakosea sana.

Hatua ya 4: Mahali pa kulala

Mji una ncha mbili. Tallital ni ncha ya kusini, penye stendi ya mabasi. Mallital ni ncha ya kaskazini, penye soko, hekalu kuu na kiwanja. Zimeunganishwa na Mall Road, upande wa mashariki wa ziwa. Lala Mallital kama unataka kutoka alfajiri kwa miguu; lala Tallital kama unapita tu au una mizigo mizito.

Kabla ya kulipa uliza mambo matatu. La kwanza, je, wanapokea wageni wa nje? Sheria inaitaka hoteli kuandikisha kila mgeni wa kigeni kwa Fomu C ndani ya saa 24, na nyumba ndogo ambazo hazikusajiliwa kwa hilo zitakukataa mlangoni hata kama umelipia kwenye programu. La pili, kuna ngazi ngapi kutoka barabarani? Chumba chenye "mandhari ya ziwa" mara nyingi kiko juu ya ngazi mia moja na zaidi, na mzigo ni wako. La tatu, maji ya moto yapo saa ngapi, na hita ya chumba inalipiwa kando? Majira ya baridi jibu la swali hili lina uzito kuliko mandhari.

Fedha: wenyeji hulipa kila kitu kwa simu kwa kupiga picha msimbo wa QR, hata karanga. Mgeni asiye na akaunti ya benki ya India alipe taslimu, na chenji ni shida. Badilisha noti kubwa ukiwa hotelini au dukani, ukae na noti za rupia 10, 20, 50 na 100 za kutosha siku nzima.

Hatua ya 5: Jioni ya kwanza, zunguka ziwa kwa mkono wa kulia

Mzunguko wa ziwa ni kama kilomita tatu na nusu. Anza Tallital saa mbili kabla ya jua kuzama, na ushike upande wa magharibi, uitwao Thandi Sadak, yaani Barabara ya Baridi. Mlima wa Ayarpatta huikinga na jua, magari hayaruhusiwi, na miti imeinamia maji. Ukienda hivi ziwa linabaki mkono wako wa kulia, na ndivyo Wahindu wanavyozunguka mahali patakatifu. Ina faida nyingine: unapita upande wenye kiza mapema, kisha unarudi kwa Mall Road taa zikiwa zimewaka.

Katikati ya Thandi Sadak kuna hekalu dogo la Pashan Devi. Pashan ni jiwe. Mungu mwenyewe ni uso wa mwamba uliopakwa rangi nyekundu ya sinduri, umechomoza kutoka kwenye jabali la mlima, hatua chache tu kutoka majini. Wageni wengi hulipita bila kuligundua, na sisi tunaliona kuwa mahali patulivu kuliko pote ziwani.

Kuhusu mashua: bei ya nusu mzunguko na ya mzunguko mzima imeandikwa kwenye ubao gatini. Isome kabla ya kuzungumza na mtu, kisha hakuna haja ya kubishana. Mashua za makasia zina mpiga makasia wake. Boti za pedali unaendesha mwenyewe. Asubuhi maji yametulia kama kioo, alasiri upepo huinuka na pedali huchosha miguu. Funga mikanda yote ya jaketi la kujiokolea. Sehemu yenye kina kikubwa inafika mita 27 hivi na maji ni baridi mwaka mzima, kiasi kwamba hata anayejua kuogelea hukakamaa haraka.

Ukiona povu likipanda sehemu fulani za ziwa, usishangae. Maji ya chini yalikuwa yakikosa hewa, samaki wakifa, na tangu 2007 hewa husukumwa kwa mabomba hadi sakafuni. Mji unakunywa maji ya ziwa hilihili. Mkate unaotupiwa samaki, chupa na maua ya plastiki vyote huishia humo. Tafadhali usitupe chochote, hata ukiona wengine wanatupa.

Mallital utafika kwenye uwanja mpana uitwao Flats. Uwanja huo una historia nzito. Tarehe 18 Septemba 1880, baada ya mvua za siku mbili, ubavu wa mlima uliporomoka, ukaua watu 151, ukabomoa hekalu la zamani na kujaza sehemu ya ziwa. Ardhi hiyo iliyojazwa ndiyo watoto wanachezea kriketi leo. Hekalu lilijengwa upya 1883. Ukisimama katikati ya uwanja unaona hekalu, gurudwara ya Masingasinga na Msikiti wa Ijumaa wa 1882, vyote ndani ya mwendo wa dakika chache. Mwislamu atapata sala ya jamaa hapo, na ukitaka nyama halali, waulize watu wa msikitini.

Hatua ya 6: Ndani ya hekalu la Naina Devi

Waumini wanaamini kwamba mungu wa kike Sati alipokufa, mumewe, mungu Shiva, alibeba mwili wake akizunguka dunia, na viungo vyake vikaanguka mahali mbalimbali. Hapa yaliangukia macho. *Naina* ni macho, *tal* ni ziwa. Ndani kabisa ya hekalu, katikati, utaona macho mawili makubwa yanayokutazama. Mungu wa kike Kali yuko upande mmoja, Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, upande wa pili. Sanamu nyingi za India zina mwili mzima, mikono na silaha. Hapa macho peke yake yanatosha, nayo hayasahauliki.

Taratibu ni hizi, na zinafaa kwa karibu mahekalu yote ya Kumaon:

1. Vua viatu kwenye kibanda cha nje, pokea namba, uitunze. Soksi zinaruhusiwa, na majira ya baridi utazihitaji, kwani sakafu ya marumaru ni kama barafu. Mkanda na pochi za ngozi ni bora ziachwe hotelini.
2. Funika mabega na magoti. Khanga begani inatosha kabisa.
3. Nunua sahani ya sadaka ukitaka, si lazima: nazi, maua, kitambaa chekundu chenye nakshi za dhahabu, na peremende nyeupe za sukari. Kuingia hakuna kiingilio. Anayekudai "ada ya mgeni" mlangoni hana mamlaka hiyo. Ukitaka kuchangia, tumbukiza fedha kwenye sanduku.
4. Gonga kengele mara moja, kwa upole. Zunguka kwa mkono wa kulia. Usisimame mbele ya wanaosali.
5. Simu iwe mfukoni unapofika penye sanamu.
6. Ukipewa prasad, yaani chakula kilichotolewa kwa mungu kisha kikagawiwa waumini, pokea kwa mkono wa kulia. Asiyekula kwa sababu ya dini yake aunganishe viganja kifuani na kutikisa kichwa kwa tabasamu, wala hakuna atakayekasirika. Kukipokea kisha kukitupa nje ndiko kunakoumiza watu.

Huhitaji kusali wala kuinama. Kukaa ua wa nje, ukitazama ziwa, ni heshima tosha. Ibada ya jioni ya taa na kengele huanza jua linapozama. Fika nusu saa kabla.

Maneno machache ya kwetu yatakusaidia kibandani, kwa sababu yanafahamika pande zote mbili: chai, chapati, duka, gari, pesa, dawa, sabuni, rangi. Sema "chai" ukionyesha kidole kimoja, umeshaagiza.

Hatua ya 7: Alfajiri ya pili, theluji kabla ya ukungu

Snow View iko mita 2,270, juu ya Mallital. Kuna vigari vya angani vinavyovutwa kwa kamba ya chuma, na hapo ndipo wengi hupoteza mandhari: vigari havianzi kazi alfajiri. Ukivisubiri, kisha ukasubiri foleni, utafika juu mawingu yakiwa yameshapanda. Panda kwa miguu, zaidi kidogo ya kilomita mbili za mteremko mkali, au kodi teksi usiku uliotangulia. Uwe juu jua linapochomoza: kama saa kumi na moja na robo mwezi Juni, karibu saa moja mwezi Januari. Vigari vitumie kushukia.

Ukitazama kaskazini, tambua vilele kutoka kushoto kwenda kulia: Trishul, mita 7,120, wenye ncha tatu kama mkuki wa Shiva, kisha Nanda Devi, mita 7,816, kisha Nanda Kot, mita 6,861. Kibo ya Kilimanjaro ni mita 5,895, kwa hiyo Nanda Devi unaizidi kwa karibu kilomita mbili, ingawa kwa mbali unaonekana kama pembe ndogo nyeupe juu ya msitu. Nuru ya kwanza ni ya waridi, hudumu dakika chache. Kuwa tayari kabla yake.

Mwenye miguu imara aende Naina Peak, mita 2,615, mahali pa juu kuliko pote mjini. Ni kama kilomita sita kutoka Mallital kupitia msitu wa mialoni, saa mbili na nusu hadi tatu kupanda. Beba lita moja na nusu ya maji, kwani juu hakuna duka la kutegemea. Usiende peke yako, na uwe umeshashuka kabla ya saa kumi jioni. Misitu hii ina chui, na wao hutembea jioni. Asiyeweza kupanda akodi teksi hadi Himalaya Darshan kwenye barabara ya Kilbury: safu ileile ya theluji, bila jasho.

Tahadhari moja kuhusu Tiffin Top. Vitabu vya zamani vinasifu kiti cha mawe cha Dorothy's Seat kileleni hapo. Kiti hicho kiliporomoka pamoja na mwamba wake Agosti 2024. Uliza hali ya njia kwenye kituo cha farasi cha Barapatthar kabla ya kupanda, na ukikuta uzio usiuvuke. Mwamba uliopasuka hauonyeshi nyufa zake juu.

Tumbili wako kila mahali penye chakula. Usile ukitembea, usibebe mfuko wa plastiki unaoonekana, usimtazame mkubwa machoni. Ukikwaruzwa au kuumwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kurudi nyumbani.

Hatua ya 8: Siku ya tatu, mahekalu mawili na maziwa matatu

Kodi teksi ya siku nzima. Andika majina kwenye karatasi kwa mpangilio huu, na mkubaliane kwamba bei inajumuisha kusubiri na maegesho: Kainchi, Ghorakhal, Bhimtal, Naukuchiatal, Sattal. Dereva akitaka kugeuza mpangilio, kataa. Kainchi ikiwa ya mwisho hutaiona.

Kainchi Dham iko kilomita 17 hivi kutoka Nainital, ukipita Bhowali kuelekea Almora. Neno *kainchi* ni mkasi, kwa sababu barabara hapo ina kona mbili zilizopishana kama makali yake. Ni makao ya Neem Karoli Baba, mtakatifu wa Kihindu aliyefariki Septemba 1973. Steve Jobs, mwanzilishi wa kampuni ya Apple, alikuja 1974, akakuta mwenyewe ameshafariki. Siku hizi magari ya wikendi husimama kilomita nzima. Nenda siku ya kazi, uwe getini kabla ya saa mbili asubuhi. Ndani hakuna kupiga picha, hakuna kelele. Vuka daraja dogo, keti, sikiliza mto. Epuka 15 Juni, sikukuu ya kuanzishwa kwake, isipokuwa umekuja kwa ajili ya umati na malpua, vitumbua bapa vitamu vinavyogawiwa siku hiyo.

Rudi Bhowali, pinda kwenda Ghorakhal, hekalu la Golu Devata. Huyu ni mungu wa haki wa Wakumaoni, na watu humpelekea mashtaka kwa maandishi. Kengele zimefungwa kila penye nafasi, maelfu kwa maelfu: ndogo kama shanga kwa nyuzi nyekundu, kubwa kama sufuria kwa minyororo. Kila moja imeletwa na mtu aliyeona ombi lake limejibiwa. Kati yake zinaning'inia karatasi, nyingine ni karatasi rasmi zenye stempu kama za mahakamani: mirathi, ndoa, mtihani, kesi ya shamba, deni. Wino wa zile za zamani umefifia kwa mvua. Usizisome kwa karibu wala kuzipiga picha. Ni shida za watu walio hai. Upepo ukivuma, simama tu usikilize.

Bhimtal ni ziwa kubwa kuliko la Nainital. Bwawa lake lilijengwa 1883, na kando yake kuna hekalu la Bhimeshwar, kazi ya mfalme Baz Bahadur wa karne ya 17. Nusu saa inatosha. Naukuchiatal, kilomita nne mbele, maana yake ziwa la kona tisa. Ni lenye kina kuliko yote ya eneo hili, kama mita 40, na ni mahali pazuri pa chakula cha mchana. Agiza vyakula vya Kumaon badala ya tambi za paketi: viazi vya kukaanga kwa jira na pilipili, na mchuzi mzito wa soya nyeusi kwa wali.

Sattal iachiwe alasiri yote. Ni maziwa kadhaa yaliyofichwa kwenye msitu wa misonobari na mialoni, bila majumba marefu ukingoni. Wapenda ndege wabebe darubini. Juu ya ziwa kuna ashrama, yaani makao ya ibada na tafakuri, ya Kikristo iliyoanzishwa 1930 na mmisionari E. Stanley Jones; nyumba za ibada za namna hiyo, watu wakiketi chini kwa ukimya, ni nadra. Ondoka kabla ya giza, kwani barabara ni nyembamba na haina taa.

Hatua ya 9: Kushuka kwa njia nyingine

Badala ya kurudi Kathgodam kwa njia uliyojia, shuka kwa barabara ya Kaladhungi. Kilomita chache nje ya mji utaliona Khurpatal kutoka juu, ziwa dogo la kijani katikati ya mashamba ya ngazi. Kaladhungi iko chini kabisa, joto limesharudi, na hapo ndipo ilipo nyumba ya majira ya baridi ya Jim Corbett, sasa makumbusho. Corbett alizaliwa Nainital tarehe 25 Julai 1875, akawa mwindaji wa chui na simbamarara wala watu, kisha mtetezi wa wanyama haohao. Mwaka 1947 alihamia Nyeri, akafia huko tarehe 19 Aprili 1955. Kaburi lake liko kwenye makaburi ya kanisa la St Peter's. Nyumba yake ya mjini Nainital, Gurney House, ni makazi ya watu, kwa hiyo usiingie bila ruhusa.

Makumbusho yanahitaji saa moja. Kutoka hapo mabasi na teksi za kuchangia huenda Haldwani, kituo cha treni kabla ya Kathgodam, kilomita zisizopungua 25 za barabara tambarare. Panda treni Haldwani hapohapo, lakini badilisha kituo cha kupandia kwenye tiketi siku moja kabla, maana kiti cha abiria asiyetokea Kathgodam kinaweza kupewa mwingine.